Kabla ya Kumwita Fundi: Namna ya Kuzibua Sinki, Bafu na Choo

Maji yakigoma kushuka kwenye sinki, usimimine kitu chochote kwanza. Usimimine maji ya moto, wala magadi, wala ile dawa ya unga uliyouziwa kwa maneno kwamba inakula kila kitu. Ukimimina maji unaongeza maji juu ya maji. Ukimimina kemikali unajitengenezea dimbwi la sumu, na wewe mwenyewe ndiye utakayetia mkono humo baadaye. Kazi ya kwanza ni kujua uchafu umekaa wapi. Ukishapajua, mara nyingi utazibua kwa ndoo, tambara na glovu, na hutahitaji kununua chochote.

Njia ya maji machafu katika nyumba nyingi za mjini, iwe Tabata, Nyegezi au Sakina, ni ile ile. Chini ya sinki kuna trapu, yaani kile kipande cha bomba kilichopinda ambacho hakikauki maji. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa mitaroni wasipande ndani. Wazo hili ni la zamani: Alexander Cumming, fundi saa aliyefanya kazi London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda mwaka 1775, na vyoo vyetu vya leo bado vinategemea maji yaliyosimama kwenye kona. Kutoka kwenye trapu maji huingia bomba la ukutani, la inchi moja na nusu hivi kwa sinki na inchi 4 kwa choo. Maji ya jikoni na bafuni hupita kwanza gali trapu, kile kisanduku kidogo cha nje ya ukuta, kisha yote hukutana kwenye chemba. Chemba hupokezana hadi kwenye shimo la majitaka, ambalo wengine huliita karo. Wachache wetu, walio kwenye mtandao wa mamlaka ya maji, chemba zao huishia kwenye bomba kubwa la mtaa.

Tafuta palipoziba

Fungulia maji sehemu moja baada ya nyingine, usikilize. Sinki la jikoni likisuasua peke yake huku bafu linapitisha vizuri, uchafu uko kwenye trapu ya sinki hilo au mita chache baada yake. Ukimwaga maji chooni ukasikia bafu linagugumia, au maji yakapanda kupitia tundu la sakafu ya bafu, usihangaike na trapu. Kizuizi kiko mbele, kwenye bomba linalokusanya maji ya vyote viwili. Nyumba nzima ikigoma kwa pamoja, toka nje.

Huko nje ndiko kwenye jibu. Inua mfuniko wa chemba iliyo karibu zaidi na nyumba. Mifuniko ya zege ni mizito na vishikio vyake vya nondo hukatika kwa kutu, kwa hiyo muwe wawili, msogeze pembeni badala ya kuubeba juu, na vidole visiingie chini yake. Watoto wakae mbali. Acha shimo lipate hewa kwa dakika kadhaa, na asiwepo mtu wa kuwasha sigara wala kiberiti jirani, maana gesi inayotoka humo inaweza kushika moto.

Sasa tazama. Ikiwa ndani ya nyumba kumejaa na chemba ni kavu, uchafu uko kati ya nyumba na chemba hiyo. Ikiwa chemba yenyewe imejaa, nyumba haina kosa. Nenda chemba inayofuata. Pale utakapokuta chemba iliyojaa ikifuatiwa na chemba tupu, bomba lililo kati yao ndilo lililoziba. Zikiwa zimejaa zote mpaka shimoni, hakuna kilichoziba. Shimo ndilo limejaa, na hapo hakuna waya wala pampu itakayokusaidia.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuna hali nyingine inayowachanganya watu wa maeneo ya mabondeni. Shimo linanyonywa, na baada ya siku chache limejaa tena. Huenda gari la kunyonya lilifanya kazi yake sawasawa. Maji ya ardhini yamepanda, shimo la pili ambalo kazi yake ni kunywesha maji ardhini limekosa pa kuyapeleka, na pengine maji ya mvua ya paa au ya uwanjani yanaingia kwenye chemba zenye mifuniko iliyovunjika. Dawa ya haraka ni kupunguza maji mnayomwaga, kuziba nyufa za mifuniko, na kuelekeza maji ya paa kwingine. Kazi ya kudumu ni ya ujenzi.

Sinki la jikoni

Jikoni kwetu kuna maadui wanaojulikana. Mafuta ya kukaangia ndiyo mkubwa wao, na tabia yake hutegemea unaishi wapi. Mafuta ya nazi huanza kuganda nyuzi joto 24 hivi. Kwa hiyo Tanga au Dar es Salaam huyaoni yakiganda kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini Njombe au Mbeya mwezi wa Juni yanashika ukuta wa bomba usiku huo huo. Mawese huganda kabla hayajafikia ubaridi huo, na mafuta ya nyama ya ng'ombe huganda hata Dar kwenye joto la mchana. Mafuta yakishashika, yanakamata kila kinachopita: punje za wali, ukoko wa ugali uliolowana, majani ya chai, nyuzi za waya wa kusugulia sufuria, na zaidi ya vyote machicha ya nazi. Machicha ni mepesi na yana nyuzi; yakikutana na mafuta yanakuwa kizibo chenye nguvu ya ajabu. Nyumba inayopika kwa nazi kila siku na kuoshea mbuzi ya nazi kwenye sinki bila chujio itaziba tu.

Anza na pampu ya kuzibulia, ile ya mpira yenye mpini. Kama maji yamejaa sinki, chota mengine ubakishe ya kufunika mpira wote, maana pampu inasukuma maji, na hewa ikiingia kazi inapotea. Sinki la vyumba viwili, ziba tundu la pili kwa tambara lililolowa na mtu alikandamize. Beseni la kunawia lina kitundu karibu na ukingo cha kuzuia lisifurike. Nalo lizibwe vivyo hivyo, la sivyo nguvu yako yote itatokea huko. Paka mafuta ya mgando kwenye ukingo wa mpira ili ushike vizuri. Sukuma mara ya kwanza polepole kuondoa hewa, kisha sukuma na kuvuta kwa mfululizo, mara 15 au 20, bila kuachia. Wengi husukuma kwa nguvu na kuvuta kwa uvivu, ilhali kuvuta ndiko kunakolegeza kizibo. Mara ya mwisho ng'oa pampu kwa ghafla. Maji yakishuka kwa mlio wa kunyonya, umemaliza. Yakishuka kidogo kidogo, rudia. Baada ya raundi tatu bila mabadiliko, achana na pampu ufungue trapu.

Trapu ya plastiki haihitaji fundi. Toa vitu vyote chini ya sinki, weka ndoo, na ulegeze kwa mkono nati mbili zinazoishika, ukizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Zikigoma, zishike kwa tambara kavu; paipu spana iwe ya mwisho na kwa upole, kwa sababu plastiki iliyozeeka hupasuka. Kuna trapu za umbo la chupa ambazo kitako chake hufunguka peke yake, na hizo ni rahisi zaidi. Kabla hujatenganisha, tazama washa ya mpira imekaa upande gani, au piga picha kwa simu. Washa ikirudishwa kichwa chini, utavujisha maji mpaka uchoke.

Kitakachomwagika kwenye ndoo kitakuwa cheusi na kitanuka. Usikimwage kwenye sinki hilo hilo! Inaonekana ni onyo la kitoto, lakini mkono umezoea kumwaga maji kwenye sinki, na chini yake kwa sasa hakuna bomba. Uchafu mgumu uweke kwenye mfuko wa taka, trapu uisugue kwa brashi ya chupa na sabuni ya kuoshea vyombo. Angalia pia mdomo wa bomba linaloingia ukutani kwa tochi ya simu. Likiwa safi kadiri unavyoona, na trapu nayo ilikuwa na uchafu wa kutosha, rudisha. Kaza kwa mkono tu. Jaza sinki maji, yaachie kwa mara moja, na upitishe karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila nati. Tone dogo ambalo jicho halilioni litaonekana kwenye karatasi.

Trapu ikiwa safi na maji bado hayaendi, kizibo kiko ndani ya ukuta. Hapa ndipo penye kazi ya waya wa kuzibulia, ile springi ndefu yenye mkono wa kuzungushia inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Uingize kupitia bomba la ukutani baada ya kuondoa trapu, usiupitishe juu ya trapu ambako utakwama kwenye kona. Sukuma huku unazungusha. Ukigusa kitu kigumu, usilazimishe. Huenda ni kiwiko cha bomba, na kuzungusha kidogo kutaupitisha. Ukigusa kitu kinachobonyea, hicho ndicho. Zungusha ushike, kisha vuta nje taratibu na uufute kwa tambara kila unapotoka. Asiye na waya anaweza kutumia kipande cha polipaipu ya nusu inchi, ile nyeusi ngumu. Ina unyumbufu wa kupita kona pana, na ncha yake haina makali ya kutoboa bomba. Nondo haifai kabisa. Nondo ya milimita 12 ikigonga kiwiko cha plastiki ndani ya ukuta, umehama kwenye kuzibua sinki ukaingia kwenye kubomoa ukuta.

Njia ikishafunguka, sasa ndiyo zamu ya maji ya moto, na hapa kuna kosa linaloharibu mabomba mengi. Maji yanayochemka kwenye birika yana nyuzi karibu 100, na mabomba ya plastiki yanayotumika majumbani hayakutengenezwa kuvumilia zaidi ya nyuzi 60 hivi kwa muda mrefu. Yanalainika, yanabonyea katikati, gundi ya maungio inalegea. Changanya nusu kwa nusu: lita moja ya maji yaliyochemka na lita moja ya bombani. Joto hilo linatosha kuyeyusha mafuta ya kila aina yapikiwayo nyumbani. Tia sabuni ya maji ya vyombo kabla, subiri dakika 10, kisha mimina yote kwa pamoja, ili maji yaende kwa kasi na kubeba mafuta mbali. Ukiyamimina kidogo kidogo, mafuta yanayeyuka na kuganda tena mita mbili mbele.

Bafuni

Bafu linaziba kwa nywele na sabuni. Sabuni ya mche, hasa penye maji ya chumvi ya kisima, huacha utando mweupe unaogandisha nywele pamoja. Nyumba yenye kusuka na kufumua rasta bafuni ina tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa nywele za bandia ni plastiki: hazilainiki wala kuoza, na hakuna dawa ya dukani ya kuzibulia itakayozimaliza bila kulimaliza bomba nalo.

Ng'oa chujio la sakafuni kwa bisibisi, vaa glovu, chukua waya wa hanga ulionyooshwa na kupindwa ncha iwe ndoana ndogo, uvue. Neno ni hilo, kuvua. Usisukume nywele ziende mbele. Utatoa fundo moja refu na mara nyingi kazi inaishia hapo.

Baadhi ya trapu za sakafuni zina kikombe kinachofunika tundu chini ya chujio. Maji yakisuasua, watu hukitoa na kukitupa, na kweli maji hukimbia. Wiki ya pili wanaanza kulalamika juu ya harufu na mende. Kikombe kile ndicho kinachotengeneza kizuizi cha maji. Kisafishe ukirudishe. Na bafu la wageni lisilotumika likianza kunuka, halijaziba. Maji ya trapu yamekauka tu. Mimina lita mbili za maji, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke haraka.

Chooni

Choo kilichojaa hadi ukingoni hakitaki kuongezewa maji kwa kujaribu bahati. Funga maji ya tenki la kuflashi, subiri nusu saa; mara nyingi yanashuka yenyewe kiasi cha kukupa nafasi ya kufanya kazi. Mimina sabuni ya maji ya kutosha na nusu ndoo ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wako unaweza kukaa ndani bila kuruka. Maji ya moto sana hupasua kauri. Yaache dakika 20. Kisha pampu, safari hii ile yenye mdomo unaochomoza chini, ambao huingia kwenye tundu la choo cha kukaa.

Choo cha kuchuchumaa kina sura nyingine na pampu ya kawaida haikai vizuri. Chukua fagio la tambara la kudekia, livike mifuko miwili ya plastiki migumu, uifunge kwa kamba, ulitumie kusukuma na kuvuta tunduni. Linaziba tundu kuliko mpira wowote. Baadaye mwaga maji ya ndoo, lita 10 kwa mara moja, kutoka usawa wa kiuno. Uzito wa maji yanayoshuka kwa pamoja ndio unaosukuma uchafu.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wanalijua na wenye nyumba hawalifikirii. Vyoo vingi huziba wakati wa mgao wa maji. Watu wanabana maji, wanaflashi kwa kopo moja, kinyesi kinatoka machoni lakini kinabaki kimelala kwenye bomba la inchi 4 njiani kuelekea chemba. Siku ya tatu karatasi zinajikusanya juu yake. Kama maji ni ya shida, ni afadhali kutumia maji ya kufulia na ya kuogea, yakusanyeni kwenye ndoo, na mara moja kwa siku mmwage ndoo nzima.

Mtoto akitumbukiza kitu kigumu, kopo, mswaki au kiatu, usipige pampu. Utakikaza kwenye kona ya kauri, na kukitoa kutataka choo king'olewe sakafuni. Chota maji, vaa glovu ndefu, tia mkono. Kisipofikika, mwite fundi. Taulo za kike, pampasi na vitambaa vya kufutia watoto vivuliwe kwa ndoana kama nywele. Vitambaa hivyo, hata pakiti ikisema vinafaa kutupwa chooni, havilainiki kama karatasi. London mwaka 2017 walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta na vitambaa hivyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi, likiwa gumu kiasi kwamba mafundi walihitaji wiki kadhaa kulivunja. Mtandao wa mji mzima ulishindwa kuvipitisha; bomba lako la inchi 4 halitaviweza.

Gali trapu na chemba

Maji ya jikoni yakisuasua na trapu ya ndani ni safi, funua gali trapu kabla ya kwenda mbali. Utakuta tabaka jeupe la mafuta yaliyoganda, na chini yake mchanga wa kusugulia sufuria. Lichote kwa kopo au mwiko wa kujengea, ulifunge kwenye mfuko, likatupwe na taka. Ukilisukuma na mpira wa maji lipite, umelihamishia kwenye bomba ambalo hulifikii. Nyumba yenye mama lishe au anayekaanga mihogo na samaki wa biashara, kazi hii ni ya kila mwezi.

Kuzibua kati ya chemba na chemba kunataka fito za kuzibulia zinazoungwa kwa skrubu, za kuazima kwa fundi, au mwanzi mrefu uliopasuliwa. Simama kando ya chemba tupu, usukume kuelekea iliyojaa. Kizibo kikiachia, maji yatakuja kwa nguvu. Simama pembeni, funga mdomo, vaa buti. Fito za skrubu zizungushwe upande mmoja tu, kwa mwendo wa saa. Ukizizungusha kinyume zinafunguana humo ndani na kukuachia kizibo kipya cha chuma. Ukivuta nyuzi za mizizi, ujue bomba lina ufa kwenye maungio na mti umepata maji. Utapata nafuu ya miezi michache, kisha bomba litataka kufukuliwa na kuungwa upya. Njia ikishapita, mwaga ndoo tatu nne kutoka ndani huku mtu akitazama chemba, mpaka maji yapite bila kusita.

Nyumba ya kupanga yenye familia nne na chemba moja ina mgogoro wake. Kila mmoja anajua kwamba si yeye aliyetupa pampasi. Kabla ya kuanza kazi, kubalianeni na mwenye nyumba nani analipa nini. Mchango wa kunyonya shimo kwa kawaida ni wa wapangaji, lakini bomba lililojengwa bila mteremko ni la mwenye nyumba. Utalijua: linaziba mahali pale pale kila baada ya muda mfupi, hata watu wakiwa waangalifu. Bomba la inchi 4 likishuka chini ya sentimita moja na nusu kwa kila mita, uchafu hautembei vizuri.

Kuhusu dawa

Magadi na siki vinatoa povu la kufurahisha. Povu hilo ni hewa ya kaboni, na viwili hivyo vikishakutana vinauana nguvu na kubaki maji ya chumvi. Vinapunguza harufu, kizibo cha machicha na mafuta havikigusi.

Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, inafanya kazi kweli kwenye mafuta na nywele za asili. Pia inachoma ngozi, inapofusha macho, na inatoa joto kali inapokutana na maji. Kwenye sinki lililosimama maji haifiki kwenye kizibo. Inayeyuka tu katika maji yale, ikimsubiri atakayefungua trapu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiitumie kuzibua. Ukiamua kuitumia baada ya njia kufunguka, kusafisha mafuta yaliyobaki, tia kostiki kwenye maji ya baridi taratibu, kamwe usitie maji juu ya kostiki. Tumia ndoo ya plastiki, maana sufuria ya alumini inaliwa na kutoa gesi inayolipuka. Vaa miwani na glovu. Ikikurukia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 nzima, kisha hospitali. Na isihifadhiwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa hata kwa saa moja. Watoto wameunguzwa koo kwa njia hiyo, na aliyekunywa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Maji ya betri, ambayo baadhi ya mafundi huyamwaga chooni, yanakula saruji ya chemba zako. Na dawa ya kufanyia weupe isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi: mchanganyiko wao hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo. Ukiwa tayari umemimina chochote kisha ukashindwa, mwambie fundi umemimina nini kabla hajashika spana.

Ukishindwa

Mwite fundi bomba pale kizuizi kiko ndani ya ukuta na waya hauendi, pale choo kinahitaji kung'olewa, au bomba limekatika. Shimo likijaa, agiza gari la kunyonya majitaka, na upendelee lenye kibali cha mamlaka ya maji, litakalomwaga kwenye mabwawa yanayostahili. Usikubali kutapisha choo, yaani kuachia majitaka yatiririke nje, usiku mvua ikinyesha, hata kama majirani wanafanya hivyo. Maji hayo yanapita kwenye visima na milango ya watu, na kipindupindu hakichagui nyumba ya kuingia.

Jambo la mwisho halina mjadala. Hakuna mtu wa kuingia ndani ya shimo la majitaka, hata kwa dakika moja, hata likiwa limenyonywa. Gesi ya humo hunuka kama yai bovu mwanzoni, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani imekwisha. Anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa, naye anaanguka. Kijana akikuambia ataingia kwa malipo kidogo kuliko gari, mkatalie, mpe nauli yake, arudi kwao.